Wanaume 84 wa selotepu

Jumatatu ya tarehe 26 Machi 2018, watu waliopita ukingo wa kusini wa mto Thames, London, waliona wanaume wamesimama juu ya paa za majengo ya televisheni ya ITV. Si mmoja, si wawili. Walikuwa 84. Walivaa nguo za kawaida za mtu wa mjini: suruali za jinzi, raba, jaketi, sweta zenye kofia. Vichwa vimeinama, kofia zimeshuka usoni, huwezi kuona jicho wala mdomo. Hakuna aliyetikisika.

Zilikuwa sanamu. Chini ya zile nguo palikuwa na maganda ya selotepu, ile ile pana ya kufungia maboksi ambayo unainunua dukani ukitaka kuhama nyumba. Aliyezitengeneza ni Mmarekani aitwaye Mark Jenkins, akisaidiana na mwenzake wa siku nyingi Sandra Fernandez. Mradi wenyewe uliitwa Project 84, na hesabu hiyo haikuokotwa njiani. Nchini Uingereza wakati huo wanaume 84 walikuwa wakijiua kila wiki. Yaani 12 kwa siku, mmoja kila baada ya saa mbili. Kujiua ndiko kulikoongoza kwa kuua wanaume wenye umri chini ya miaka 45, kuliko saratani, kuliko ajali za barabarani. Na kila sanamu pale juu ilimwakilisha mwanaume mmoja halisi, mwenye jina, aliyekuwa amejiua na kuacha watu nyuma yake.

Waliotaka jambo hili lifanyike ni shirika la hisani la CALM, ambalo jina lake refu maana yake ni kampeni dhidi ya kuishi kwa huzuni. Lilianza mwaka 1997 kama majaribio ya simu ya msaada pale Manchester, likipigiwa debe na Tony Wilson, yule wa kampuni ya muziki ya Factory Records, kwa sababu waliona vijana wa kiume hawaendi kwa daktari ila muziki wanausikiliza. Mwaka 2006 likawa shirika kamili. Kwa hiyo hadi mwaka 2018 walikuwa na miaka 20 ya kutaja takwimu hizi hizi kwa watu wanaotikisa kichwa, wanasema “inasikitisha”, halafu wanageuza ukurasa.

Takwimu ina kasoro moja: haina mabega. Ukisema 84, msikilizaji anasikia 84. Ukiweka jozi 84 za mabega juu ya paa, anaanza kuhesabu mwenyewe, na akifika 30 anachoka, na ule uchovu ndio taarifa yenyewe. Hii ni maoni yangu, lakini ninaamini ndiyo siri ya kazi ile, na inategemea sana namna maganda yale yanavyotengenezwa. Basi tuanzie huko.

Kama hujawahi kuona inavyofanyika, chukua penseli. Izungushie selotepu kinyume: upande wenye gundi uwe nje, upande laini ndio uguse penseli. Kisha zungushia nyingine juu yake, safari hii gundi iangalie ndani. Gundi imekutana na gundi, haitabanduka. Ongeza tabaka mbili tatu mpaka iwe ngumu. Pasua ubavuni kwa mkasi, chomoa penseli, ziba ule mpasuko kwa kipande kingine. Umebaki na penseli ya hewa. Ina urefu wa ile ya kwanza, ina pembe zake sita, na ukiiinua kwenye mwanga unaona ng'ambo.

Binadamu naye hufanywa hivyo hivyo, ila yeye ni penseli inayotoa jasho. Anavaa nguo za kubana asizozijali, au anazungushiwa ile nailoni laini ya kufunikia chakula, ili selotepu ising'oe ngozi na malaika. Anasimama katika mkao unaotakiwa, maana mkao ukishagandishwa hauna marekebisho. Halafu anafungwa kwa sehemu: mguu mmoja, wa pili, kiuno, kifua, mikono. Kwenye paja unaweza kuzungusha kipande kirefu, lakini kwenye goti, kiwiko na kisigino unahitaji vipande vifupi vifupi vinavyopishana kama vigae, la sivyo panajikunja na umbo linapotea. Kifua kina adabu yake. Unamwambia mtu avute pumzi ajaze mapafu, ndipo unafunga. Ukimfunga akiwa ametoa pumzi, ganda likikaza atakosa nafasi ya kuhema. Uso wa mtu aliye hai haufungwi kamwe. Kichwa kinapatikana kwa kufunga mdoli wa dukani, wale wanaovalishwa nguo dirishani.

Inachukua muda, na ndani ni joto. Plastiki haipitishi jasho. Aliyefungwa hawezi kukaa wala kujikuna, anakuwa mtoto mikononi mwa wanaomfunga, na mara nyingi huishia kupiga soga maana hakuna kingine cha kufanya. Baadaye unapita mkasi wa ncha butu, kama ule wa manesi wa kukatia bandeji, taratibu kwenye mshono wa nyuma, na mtu anatoka kama nyoka anayejivua gamba. Anageuka na kuona mgongo wake mwenyewe umesimama pale. Sehemu zinaunganishwa, zinaongezewa tabaka, zinajazwa magazeti au chochote cha kuzizuia zisibonyee, zinawekewa uzito miguuni, kwa sababu ganda la mtu mzima ni jepesi ajabu na upepo hauna heshima. Kisha linavalishwa nguo.

Mtoto yeyote wa kwetu aliyewahi kutengeneza mpira wa makaratasi kwa ajili ya chandimu anaielewa kazi hii bila kufundishwa. Unafunga, unakaza, unafunga tena, na mpira unakuja kutokana na wingi wa tabaka. Tofauti ni kwamba mpira wetu ulijaa matambara hadi katikati, na hapa katikati panaondolewa.

Selotepu yenyewe ina historia fupi kuliko watu wanavyodhani. Richard Drew wa kampuni ya 3M huko Marekani alitoa tepu ya wapaka rangi ya magari mwaka 1925, na ile inayoonyesha ng'ambo mwaka 1930. Neno letu la Kiswahili halikutoka kwake. Limetoka kwenye Sellotape, chapa ya Waingereza iliyoanza mwaka 1937 pale Acton, magharibi ya London. Bibi dukani Tandika akiuza selotepu anataja kiwanda cha London bila kujua, na hana haja ya kujua.

Jenkins hakuanzia London wala hakuanza na msiba. Mwaka 2003 alikuwa Rio de Janeiro, Brazil, akifundisha Kiingereza, na akaanza kuchezea nailoni na selotepu chumbani kwake. Alifunga vyombo, akafunga vitu vya ndani, mwishowe akajifunga yeye mwenyewe. Sanamu hizo za kung'aa akaziweka mitaani aone watu watafanya nini. Aliporudi Washington alifanya mradi wa vichanga vya selotepu, Storker Project, kuanzia mwaka 2005: watoto wa kuonekana ng'ambo wakiwa wamekaa kwenye matawi ya miti, juu ya alama za barabarani, kwenye vichwa vya sanamu za mashujaa. Vilichekesha. Kisha akapata wazo ambalo lilibadilisha kazi yake. Akayavisha maganda nguo.

Ganda tupu la selotepu linasema “mimi ni sanamu” kutoka mita 50. Lililovaa suruali na kofia halisemi kitu. Aliyaita mfululizo huo Embed: mtu amelala juu ya ubao wa matangazo, mtu ameingiza kichwa ukutani, mtu amekaa ukingoni pa jengo. Wapita njia wengine walipita bila kugeuka. Wengine walisimama wakaongea nayo. Mara kadhaa polisi na magari ya wagonjwa waliitwa kuja kumwokoa mtu asiyekuwepo. Nikisema ukweli, nyingi ya kazi hizo za mwanzo naziona kama utani wa kijana mwenye akili, unaochosha haraka. Lakini zilikuwa zimeuliza swali ambalo halikuwa na jibu la utani: mtu akiwa hatarini mbele ya macho ya mamia, ni nani atasimama?

Ili kuelewa kwa nini swali hilo lilihitaji maganda na si picha ya kuchora, inabidi turudi nyuma kidogo, maana kunakili mwili wa mtu kwa kumgusa ni jambo la zamani na si mara zote lilikuwa jema.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni Pompeii. Mlima Vesuvius ulilipuka mwaka 79, majivu yakafunika watu, majivu yakawa magumu, miili ikaoza ndani yake. Palibaki mashimo yenye umbo la watu. Mwaka 1863 Giuseppe Fiorelli, msimamizi wa uchimbaji, akaamuru yamwagiwe plasta kabla ya kufukuliwa, na watu wakatoka wakiwa wamejikunja, wamefunika uso kwa mkono. Pale maumbile yalitengeneza kalibu na binadamu akaijaza. Selotepu inafanya kinyume: binadamu anatengeneza uwazi kwa makusudi na kuuacha uwazi. Watu wa Pompeii, bila shaka, hakuna aliyewauliza.

Wa Cape Town nao hawakuulizwa, au waliulizwa kwa namna ambayo “hapana” haikuwa jibu. Kati ya mwaka 1907 na 1924, fundi wa Jumba la Makumbusho la Afrika Kusini, James Drury, alinakili kwa plasta miili ya Wakhoisan waliokuwa hai, wakiwa uchi au karibu na uchi, kwa madai kwamba ni watu wanaokaribia kutoweka na lazima “sampuli” zihifadhiwe. Nakala zile zilipakwa rangi ya ngozi na kuwekwa kwenye vioo, baadaye zikapangwa kama kambi ya mawindo katika jumba lile lile lililoonyesha wanyama. Wanafunzi walipelekwa kuziona kwa miaka mingi. Mwaka 1996 msanii Pippa Skotnes aliandaa maonyesho ya Miscast kuhoji historia hiyo, yakazua hasira hata kwa baadhi ya wale aliotaka kuwatetea, na mwaka 2001 ile kambi ya plasta ikafungwa kwa umma. Ninapoambiwa kwamba kalibu ya mwili ni sanaa ya “ukweli mtupu”, huwa nakumbuka chumba kile. Plasta ilinakili kila tundu la ngozi, na onyesho zima lilikuwa uongo.

Aliyeitoa kazi hii mikononi mwa wapima mafuvu na kuirudisha kwa majirani ni George Segal, aliyewahi kuwa mfuga kuku New Jersey. Mwaka 1961 alipata bandeji za hospitali, zile zinazotengeneza hogo la mtu aliyevunjika mguu, akaketi mezani na kumwambia mkewe amfunge. Hiyo ikawa sanamu yake ya kwanza ya namna hiyo. Kuanzia hapo alifunga ndugu na marafiki, akawaacha weupe, bila kuwapaka rangi, wakisubiri basi au wakikunja miguu kitandani. Foleni yake ya wanaume wanaosubiri mkate imesimama hadi leo kwenye kumbukumbu ya Rais Franklin Roosevelt pale Washington. Katika foleni ile hakuna anayemtazama mwenzake. Jenkins ni mjukuu wa foleni ile, awe anakubali au hakubali.

Halafu kuna Antony Gormley, na hapa tunarudi kwenye ukingo ule ule wa Thames. Mwaka 2007 ukumbi wa Hayward, umbali wa kutembea tu kutoka majengo ya ITV, ulifanya maonyesho yake, na yeye akasambaza nakala 31 za mwili wake mwenyewe juu ya paa na njia za jirani. Kazi hiyo aliiita Event Horizon. Alijifunga mwenyewe, kwa miaka mingi ni mkewe, mchoraji Vicken Parsons, aliyemsaidia kumfunika plasta. Zilikuwa uchi, kimya, zikitazama ukumbi. Gormley alizungumzia anga na upeo, lakini wapita njia walikuwa na wazo lao. Kazi ilipokwenda New York mwaka 2010 polisi walilazimika kuwatangazia watu kwamba wale walioko juu si watu wanaotaka kujirusha. Hong Kong mambo yalikuwa mazito zaidi: mwaka 2014, baada ya mfanyakazi wa benki kufariki kwa kuanguka kutoka jengo la biashara, kampuni iliyokuwa idhamini maonyesho ilijiondoa, na sanamu hazikupanda juu ya paa za mji ule mpaka mwishoni mwa mwaka 2015.

Kwa hiyo miaka 11 kabla ya Project 84, jiji lilikuwa tayari limesoma sanamu juu ya paa kwa maana moja tu, na msanii mkubwa alikuwa akijitahidi kusema hiyo siyo maana yangu. CALM na Jenkins walichukua maana ile iliyokwepwa na kuiweka mbele. Mna wasiwasi kwamba yule pale juu anataka kufa? Ndiyo. Ni kweli. Na wako 84, na wiki ijayo wengine 84.

Lililo jipya, kwa maoni yangu, si paa. Ni nani aliyeshika selotepu. Ndugu na marafiki wa wale wanaume walishirikishwa katika kutengeneza sanamu, na majina na habari za marehemu ziliwekwa hadharani kwa hiari ya waliobaki. Huwezi kumfunga selotepu mtu aliyekwisha zikwa. Kila ganda linahitaji umbo la mwingine lisimame badala yake, likubali kufungwa kwa ajili yake, kisha liondolewe. Kinachobaki kina mabega ya mtu, hakina mtu. Mama aliyefiwa na mwanawe hahitaji kuelezewa na msomi maana ya kitu hicho.

Nina mashaka mawili, na siwezi kuyameza. La kwanza ni fedha. Kampeni ilibuniwa na wakala wa matangazo adam&eveDDB na ikafanyika kwa ushirikiano na Harry's, kampuni ya vifaa vya kunyolea ndevu, yenye sababu zake za kutaka kupendwa na wanaume. Msiba ukipambwa na watu wa matangazo unapata macho mengi, na macho mengi ndiyo waliyotaka, sawa. Lakini tungeambiwa kampuni ya sabuni inadhamini matanga ya mtaani kwetu tungeguna kidogo. La pili ni zito zaidi. Sisi wa vyumba vya habari tuna miongozo ya Shirika la Afya Duniani inayosema tusionyeshe namna wala mahali mtu alipojiulia, kwa sababu aliye dhaifu anaweza kuiga. Sanamu 84 ukingoni pa paa, mchana kweupe, kwenye jengo la televisheni, zinaukaribia mstari huo. Watetezi wanaweza kusema hakuna sanamu iliyoanguka, zote zimesimama, na mtu aliyesimama bado anaweza kushuka. Hoja hiyo naielewa. Sijui kama ningeitamka mbele ya mtu aliyempoteza ndugu kwa njia hiyo.

Matokeo yalikuja, tena upesi kuliko sanaa ilivyozoea. Sambamba na sanamu, ombi la mtandaoni la kuitaka serikali iteue waziri wa kushughulikia suala hili lilianzishwa na mtu aliyefiwa na kaka yake, likapata saini za mamia ya maelfu. Tarehe 10 Oktoba 2018, Siku ya Afya ya Akili Duniani, Waziri Mkuu Theresa May alimteua Jackie Doyle-Price kuwa waziri wa kuzuia watu kujiua, cheo ambacho Uingereza haikuwahi kuwa nacho. Sanamu zenyewe zilikaa juu kwa wiki moja tu. Usifikiri idadi ilishuka baada ya hapo. Mwaka 2017 vifo vya kujiua vilivyosajiliwa Uingereza yote vilikuwa 5,821, mwaka 2018 vikawa 6,507. Sehemu ya ongezeko hilo huenda ni hesabu, kwa kuwa Julai 2018 mahakama ilishusha kiwango cha ushahidi kinachohitajika kusema mtu alijiua. Sehemu tu. Selotepu haitibu.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kusema haya ni ya kwao. Hapana. Sisi tumekuwa na mwanaume wetu juu ya paa tangu mwaka 1974, na anaitwa Kazimoto. Euphrase Kezilahabi alimpa elimu ya Chuo Kikuu, akampa mke, akampa maneno mengi, halafu mwisho wa Kichwamaji akamwacha ajiue, kama alivyomwacha Rosa katika Rosa Mistika miaka mitatu kabla. Darasani tulifundishwa kumjadili Kazimoto kama tatizo la falsafa: udhanaishi, msomi kujitenga na jamii, maana ya maisha. Maswali ya mtihani hayakuuliza kwa nini hakuna hata mmoja kati ya waliomzunguka aliyemuuliza Kazimoto amelalaje. Nikisoma riwaya ile leo nikiwa na umri uliompita, namwona kijana mgonjwa anayeongea kwa ufasaha mkubwa kiasi kwamba watu walisahau kumsikiliza.

Magazeti yetu nayo yana mtindo wao. “Ajinyonga kisa wivu wa mapenzi.” Njia imo, sababu imo, hukumu imo, yote kwa maneno manne au matano, na mtu mwenyewe hayumo. Hata kitenzi chetu kinabana: ji- ile katikati ya kujiua inampa marehemu kazi mbili kwa mpigo, ya muuaji na ya muuawa. Nimehariri vichwa vya habari vya namna hiyo na najua ugumu wa kupata kingine kinachoingia kwenye safu moja.

Sheria nayo haikuwa na haya kutumia lugha ya polisi. Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua na kunusurika kuwa mkosaji anayeweza kufungwa hadi miaka miwili. Yaani anatolewa wodini anapelekwa mahakamani. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi, katika kesi iliyofunguliwa na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili na wengine, ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Tanzania ina kifungu pacha, cha 217. Mama yao vyote viwili ni sheria ya Kiingereza iliyoletwa na wakoloni, na huyo mama Waingereza walimzika kwao kwa sheria iliyosainiwa tarehe 3 Agosti 1961. Bendera ya Tanganyika ilipandishwa miezi minne baadaye, tarehe 9 Desemba, na kifungu kikabaki huku.